Fataki Ndani ya Shimo la Kabichi

Ndugu zangu, na hasa nyie wenye wazee nyumbani, kaeni niwaeleze yaliyoipata familia ya Hao kule Datong, mji wa makaa ya mawe kaskazini mwa China. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho katika ua wao, karibu na bomba la maji na shimo refu la kuhifadhia kabichi za majira ya baridi, na ukuta wangu na wao ulikuwa mmoja.

Ilikuwa mkesha wa Mwaka Mpya wa Kichina, asubuhi. Theluji imelala juu ya mapaa, na kila nyumba unasikia visu vikikatakata nyama na kabichi kwa ajili ya jiaozi, zile sambusa za kuchemshwa. Hakukuwa na sauti nyingine kubwa zaidi ya hiyo. Mzee Hao Genwang alikuwa amekaa juu ya kitanda chake cha matofali, moto ukiwaka chini yake, miguu ameikunja, anafunga jiaozi moja moja na kuzipanga kwenye ungo. Mikono yake ilikuwa na michirizi ya buluu ndani ya ngozi, vumbi la makaa lililoingia kwenye majeraha ya mgodini na halikutoka tena.

"Baba, hiyo umeijaza mno," mkwewe Meirong alimwambia. "Itapasuka kwenye maji."

"Shh! Leo hatusemi kupasuka, ni nuksi. Sema itachuma faida."

"Haya, itachuma faida. Na supu yangu je?"

"Supu yako itanenepa. Hiyo nimemfungia Jiancheng. Tangu mdogo anapenda mchuzi wenye nyama nyama."

Jiancheng, mwanawe wa pekee, akacheka kutoka mlangoni. Nami nilikuwa nimeingia kuomba siki, nikacheka nao.

Msione mzee anacheka mkadhani ni jambo dogo. Ujana wake wote aliumalizia chini ya ardhi akichimba makaa. Siku moja gesi ililipuka mgodini. Yeye alitoka salama, akafunga kitambaa chenye maji puani, akarudi ndani, akamvuta mwenzake mmoja mpaka nje. Akarudi tena. Wakubwa wakamkamata kwa nguvu mdomoni mwa mgodi, wakamlaza chini, wakamkalia. Mdogo wake, Genxi, alikuwa humo bado. Hakutoka.

Tangu hapo, mlio wowote mkubwa ulimrudisha kule. Na nyie mnajua Mwaka Mpya wetu ulivyokuwa zamani: wiki mbili za baruti, usiku na mchana. Mwenyewe nazipenda fataki, sitawadanganya. Lakini nilimwona yule mzee akitambaa uani kwa magoti, akikwangua theluji kwa kucha, akiita jina la mdogo wake, huku watoto wa mtaa wakimcheka. Mkewe alikuwa akimshika mkono mpaka fataki ziishe. Mkewe akafa, akabaki hana wa kumshika.

Halafu mji ukapiga marufuku fataki. Watu walinung'unika sana. Shangazi Niu wa kamati ya mtaa alipita na kitambaa chekundu mkononi na kipaza sauti chake: "Hakuna kuuza! Hakuna kuweka! Hakuna kulipua! Atakayeonekana ataitwa polisi!" Walimwita mchawi wa sikukuu. Ila katika ua wetu, Mzee Hao alianza kulala. Alianza kufunga jiaozi. Akili yake ilikuwa imeanza kuchoka, mara anasahau kama amekula, mara anamwita Meirong kwa jina la marehemu mkewe, lakini moyo wake ulikuwa umetulia. Miaka kadhaa ya amani alipewa yule mtu, na aliyempa ni mwanamke mwenye kipaza sauti ambaye kila mtu alimchukia.

Sasa nije kwenye shida yenyewe.

Jiancheng alikuwa na mkahawa wa tambi za kukatwa kwa kisu, hapo mbele ya lango letu. Mwaka ule wateja walipungua. Ng'ambo ya barabara, Qiao mnene naye aliuza tambi hizo hizo, na kwake watu walipanga foleni mpaka nje. Siku ya tatu ya sikukuu walikutana wakifagia theluji, kila mmoja mbele ya mlango wake.

"Ndugu Hao, keshokutwa siku ya tano. Unamkaribishaje mungu wa mali?" Qiao alimuuliza.

"Nina zile fataki za umeme. Unachomeka kwenye soketi, zinalia."

Qiao aliegemea fagio akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Za umeme! Zile zinazolia kama redio imelowa? Bwana wee, mungu wa mali si mtoto wa chekechea. Mwaka jana mimi nilikwenda kijijini kwa wakwe, nje ya mpaka wa marufuku, nikalipua mkanda mrefu wa fataki za kweli, haukukatika hata mara moja. Tazama mlangoni kwangu. Halafu tazama kwako."

"Baba yangu hawezi kelele, unajua."

"Najua. Basi kaa na baba yako, tambi zako nitakula mimi."

Ulikuwa utani. Qiao hakuwa mtu mbaya, na nyie mnajua jinsi wafanyabiashara wa mtaa mmoja wanavyochokozana. Lakini Jiancheng aliingia nao ndani ukamkaa moyoni. Kwa watu wa biashara kule, siku ya tano alfajiri ndiyo mlango wa mwaka: anayesikika kwanza ndiye anayetembelewa kwanza na mungu wa mali, na mkanda ukiungua bila kukatika, biashara haitakatika. Kesho yake alirudi na gunia. Mkewe alimpokea mlangoni.

"Umeleta nini?"

"Kabichi."

"Kabichi gani inanuka baruti, baba Ping?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Umemsahau baba? Umesahau alivyokuwa akikwangua theluji?"

"Mama Ping, nisikilize kwanza, halafu unitukane. Silipui uani. Nalipulia ndani ya shimo la kabichi. Ardhi itameza mlio. Mungu wa mali yuko juu na chini, atasikia. Shangazi Niu yuko barabarani, hatasikia. Na baba nitamziba masikio kwa pamba, nimfungulie opera kwenye televisheni. Dakika chache tu, imekwisha."

"Na akisikia?"

"Hasikii. Kwani mimi simpendi baba yangu?"

Hapo Meirong aliacha kubishana, akarudi jikoni. Aliniambia baadaye kwamba swali hilo ndilo lililomfunga mdomo, maana Jiancheng alimpenda baba yake kweli. Alimwosha miguu kila jioni kwa mikono yake. Ping, binti yao, alikuwa amebaki kwa bibi yake mzaa mama tangu siku ya pili, hivyo hakukuwa na mtoto wa kuumia. Kila kitu kilionekana kimefikiriwa.

Siku ya tano, kabla jua halijatoka vizuri, Jiancheng alikaa kitandani kwa baba yake na bonge la pamba.

"Baba, leo upepo mkali. Acha nikuzibe masikio."

"Unaniziba kama chupa ya siki."

"Siki nzuri lazima izibwe, isipoteze ukali."

Mzee akacheka, akamgeuzia sikio jingine. Meirong aliyaona hayo kutoka jikoni. Jiancheng akamfunika baba yake blanketi magotini, akafungua televisheni, akatoka. Akateremka shimoni kwa ngazi, akauning'iniza ule mkanda mrefu kwenye msumari kati ya kabichi na magunia ya viazi, akauwasha, akapanda, akafunika mdomo wa shimo kwa mkeka na godoro kuukuu. Kisha akakimbilia langoni kuchungulia kama Shangazi Niu anakuja.

Sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo lilipo kosa. Fataki zikilia hewani, zinatoa ule mlio mkavu wa kuchekesha, pa-pa-pa. Zile hazikulia hivyo. Shimo liliushika mlio likauteremsha chini, ukaja kama ngurumo inayopita chini ya miguu yetu. Chumbani kwangu mwiko ulianguka kutoka ukutani. Kitanda cha matofali cha Mzee Hao, ambacho kimejengwa juu ya ardhi hiyo hiyo, kilitetemeka. Pamba inaziba sikio. Haizibi kifua, haizibi mifupa. Jiancheng alitaka kuficha kelele, akatengeneza, bila kujua, mlio ule ule wa mgodi.

Mzee alitoka na fulana tu, hana viatu. Meirong alimwona akisimama uani akitazama moshi unaotoka ardhini pembeni mwa godoro. Hakutambaa safari hii. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi wa maji, akavunja barafu kwa ngumi, akalowesha taulo, akalifunga puani na mdomoni, fundo kisogoni, upesi kama kijana.

Meirong alimkimbilia akamshika mkono. "Baba! Baba, ni fataki tu!"

Mzee akamtoa mkono kwa upole. "Rudi nyuma, mama, huku kuna gesi. Nina mdogo wangu humo."

Akavuta godoro, akashika ngazi, akateremka.

Nilitoka chumbani kwa ukelele wa Meirong. Jiancheng aligeuka langoni, akaona shimo liko wazi na moshi unafoka, na fataki bado zinalipuka. Sijapata kuona mtu akikimbia vile kwenye barafu. Alijirusha ndani bila kugusa ngazi. Wakati huo huo Qiao alikuwa ameingia uani akipiga makofi: "Ndugu Hao, hongera! Nimeusikia mpaka kwenye..." Hakumaliza. Tulilala kifudifudi yeye na mimi, tukanyoosha mikono ndani ya moshi, tukavuta kila tulichokishika.

Tulimtoa mzee akiwa amekumbatia gunia la viazi. Hakuliachia. Vidole vilikuwa vimeungua, na bado havikuachia. Jiancheng, nyusi zimeungua, alipiga magoti akalitoa taulo mdomoni mwa baba yake.

"Baba. Baba, ni mimi."

Mzee alimtazama, macho yakang'aa kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.

"Nimempata," alisema. "Genxi nimempata. Bado ana joto. Mwambieni mama asilie."

"Ndiyo, baba. Umempata."

"Mfunikeni. Nje kuna baridi."

Meirong akavua koti lake, akalifunika lile gunia.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Mapafu ya mchimba makaa tayari yamejaa vumbi, na daktari alituambia hayakuwa na nafasi ya moshi mwingine. Mchana Mzee Hao alikata roho.

Shangazi Niu alikuja jioni. Wote tulitega masikio tukisubiri maneno makali. Alikivua kitambaa chekundu, akakiweka mfukoni, akamsaidia Meirong kuosha vyombo. Polisi walimruhusu Jiancheng azike kwanza, halafu akatumikie siku zake za kufungiwa kwa kosa la kulipua fataki.

Siku ya mazishi ndugu walikuja kutoka kijijini, na baba mdogo mmoja wa ukoo alileta fataki, maana huko kwao maiti haitoki nyumbani bila kulipuliwa fataki za kumfungulia njia. "Utamtoaje baba yako kimya kimya kama mwizi?" alimkemea Jiancheng. Jiancheng hakubishana na mkubwa wake. Alizipokea kwa mikono miwili, akaziweka kwenye karai, akamimina maji juu yake, akasimama pale mpaka karatasi nyekundu ikavuja rangi yote. Ndipo jeneza likatoka. Tulipita barabarani tukisikia viatu vyetu tu kwenye theluji. Qiao alifunga mkahawa wake, akaja akapiga magoti mbele ya jeneza barabarani, paji la uso chini, na hakuna aliyemwinua.

Mkahawa wa Jiancheng haukufunguliwa tena. Aliporudi kutoka kufungiwa, alikaa nami siku moja karibu na bomba, akasema, "Nilitaka mungu wa mali anisikie. Aliyenisikia ni baba."

Nikamjazia ndoo yake maji, nikaibeba mpaka mlangoni kwake.

FUNZO NINALOWAACHIA

Ndugu zangu, msidhani nimewasimulia haya ili mchukie sherehe. Sherehe ni tamu. Lakini jueni kwamba marufuku nyingi mnazozinung'unikia zimewekwa kwa ajili ya mtu ambaye hamumwoni: mgonjwa nyuma ya ukuta, mama aliyejifungua, mzee ambaye vita vyake havikuisha. Kabla hujatafuta njia ya kuikwepa sheria, uliza ni nani anayelala kwa sababu ya sheria hiyo.

Na nyie wenye wazazi, msijidanganye kwamba kumpenda mzazi kunatosha. Jiancheng alimpenda baba yake. Alimpenda, akamziba masikio kwa mkono wake mwenyewe, halafu akafanya lile lile ambalo baba yake aliliogopa kuliko kifo. Ukijua hofu ya mzazi wako, usiizibe kwa pamba. Iache biashara ipungue. Mteja aliyekwenda ng'ambo ya barabara anaweza kurudi kesho akiwa na njaa. Mzee Hao hatarudi kutufungia jiaozi, na Mwaka Mpya uliofuata Meirong alizifunga peke yake, akazijaza mno, zikapasuka zote kwenye maji, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyesema zimechuma faida.