Fungu Lisilosameheka

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijapita, kazi yangu ilikuwa kuondoa theluji mlangoni kwa koleo. Zamani ilikuwa ya baba. Tangu atengane na mama na kuondoka hapa mjini Thunder Bay, Kanada, tuliishi kwa msaada wa serikali. Mchana mama alikuwa hali chakula, akisema hana njaa. Uongo mtupu!

Siku moja mama aliitwa kwenye ofisi ya msaada. Mabasi ya shule yalikuwa yamesimamishwa kwa baridi, nikafuatana naye. Mhudumu, Bi. Desrosiers, alitueleza kwamba kazi yake ni kuwasaidia watu kama sisi kudai fedha za matunzo kutoka kwa wenzi waliotengana nao. Akauliza baba yuko wapi. Mama akasema hajui.

Mimi nilijua. Kila Jumapili baba alinipigia simu kwa siri kutoka kiwanda cha mbao huko kaskazini, na alikuwa ameniapisha nisimwambie mtu, eti watamfunga. Nikainama, nikazikodolea macho buti zangu.

"Basi, mwacheni," mama alisema kwa uchovu. "Nimeshamsamehe. Yaishe."

Bi. Desrosiers akaweka kalamu chini. "Fungu lako la matunzo, Mama Aila, tutalizungumza. La Aila huwezi kulisamehe. Ni lake mtoto."

Nilishikwa na bumbuwazi. Mimi ninayelala kwenye kochi, nina kitu ambacho hata mama yangu mzazi hana ruhusa ya kukitoa? Na mwanamke huyu mfupi, mwenye miwani yenye kamba shingoni, ndiye anayekilinda? Nilimtazama kama ninayemwona upya.

"Mkimpata baba, mtamfunga?" nikauliza.

"Tutamwandikia barua, binti. Kisha tutaketi naye, tuzungumze."

Machozi yakanitoka, nikasema yote. Mama hakunigombeza. Alinishika mkono tu, na hilo liliniuma zaidi.

Wiki tatu baadaye tuliitwa tena ofisini, na baba alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Nilidhani atanichukia. Alitia sahihi karatasi za matunzo, ya mama na yangu, bila kubishana. Kisha akachuchumaa mbele yangu, jitu zima lile, macho mekundu.

"Nilikutwisha siri isiyo yako, Aila," alisema. "Mtu mzima akikuambia ufiche jambo linalokuumiza, usimfichie. Hata kama ni mimi."