Wanawake Kumi na Wawili wa Mtaa Wetu

Kila asubuhi sauti ya kwanza mtaani ilikuwa cherehani ya mama yake Chiriku. Chiriku halikuwa jina lake la kweli. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa darasa la sita. Aliamka, akafagia uwanja, akamnawisha uso mdogo wake wa miaka miwili, kisha akaenda shule akiongea njia nzima.

Jumatano moja mwalimu aliwagawia wanafunzi karatasi. "Nendeni nyumba kumi na mbili za mtaa wenu," alisema. "Muulizeni mwanamke wa kila nyumba anafanya kazi gani. Ofisi ya kata itafungua kituo cha kulea watoto wadogo pale penye akina mama wengi wanaofanya kazi. Msibahatishe!"

Jioni ile wenzake walikuwa wakiruka kamba. Chiriku aliketi kizingitini, akautazama mtaa mwanzo hadi mwisho, akajaza karatasi palepale. Muuguzi ana kazi. Karani ana kazi. Mwalimu wa chekechea ana kazi. Wale tisa waliobaki aliwaona nyumbani kila siku, basi akaandika "hana kazi" mara tisa. Hata mama yake alikuwemo. Kisha akakimbilia kamba.

Ijumaa mwalimu aliitazama karatasi yake. "Watatu tu? Una hakika?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya. Jumatatu asubuhi nazipeleka."

Alipofika nyumbani siku hiyo, alisikia kishindo. Mdogo wake alikuwa amevuta waya wa pasi, nayo ikaanguka karibu kabisa na mguu wake. Mama aliruka, akamnyakua mtoto, akamkumbatia.

"Nimegeuka nitunge uzi tu!" alisema akihema. "Sare ishirini zinasubiriwa, na huyu hatulii. Hicho kituo kikija huku kwetu, nitapumua."

Chiriku alinyamaza. Mama akamshika paji la uso. "Wewe kunyamaza? Unaumwa?"

Hapo machozi yakamtoka, akasema yote.

Mama hakufoka. Aliuliza polepole, "Umeniandika sina kazi?"

Swali hilo lilimuuma Chiriku kuliko fimbo.

"Kesho Jumamosi," mama alisema. "Utaanza nyumba ya kwanza, kwa miguu yako mwenyewe."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama wa mapacha. "Shikamoo, mama. Unafanya kazi gani?"

"Marahaba. Mimi? Sina kazi, mwanangu, nipo nipo tu," alijibu, viganja vyake vikiendelea kukanda unga.

Chiriku alishusha kalamu kuandika, kisha akaona mikate imepangwa mpaka mlangoni. Akabadili swali. "Mama, tangu umeamka leo umefanya nini?"

Mama yule alicheka. "Hilo ni swali refu. Vuta kigoda." Aliamka kabla ya jogoo, akawasha tanuri, akaoka mikate sitini ya maduka ya jirani, na sasa alikuwa akianza mingine.

Nyuma ya nyumba ya tano cheche ziliruka. Siku zote Chiriku alidhani ni baba wa nyumba ile anayechomelea vyuma. Aliyevua kinyago cha macho alikuwa mkewe. Chiriku akamweleza alivyodhani.

"Mume wangu?" alisema fundi, akicheka hadi akaegemea geti alilokuwa akiliunga. "Huyo anaogopa hata kiberiti! Chuma hakikuulizi wewe nani, binti. Kinataka mkono uliotulia." Chiriku aliuona mkono huo, una makovu madogo madogo, nao haukutikisika hata kidogo.

Katika nyumba ya kumi na moja bibi mmoja alikuwa na watoto wanne wasio wake. Mama zao walikuwa wakifua nguo na kulima bustani za watu. "Mimi nimezeeka tu, mjukuu wangu," alisema. "Ila nisipowashika hawa, mama zao watatokaje? Tatizo magoti. Nikimkimbiza mmoja, watatu wametoroka."

Kufikia adhuhuri Chiriku alikuwa na wanawake kumi na mmoja wenye kazi. Wa kumi na mbili alikuwa akitafuta kazi, naye akamwandika hivyohivyo.

Jumatatu alimfuata mwalimu kabla ya kengele, akaungama. Mwalimu alikunja uso. "Nimetoka kuzipeleka sasa hivi. Twende ofisi ya kata, na utasema wewe mwenyewe."

Mbele ya afisa Chiriku aliweka karatasi mpya mezani, akasema, "Ile karatasi niliiandika bila kuuliza. Hii ndiyo ya kweli." Afisa aliisoma yote, tena akarudia. Alhamisi alikuja mtaani mwenyewe, akaingia nyumba baada ya nyumba.

Miezi mitatu baadaye kituo kilifunguliwa mtaani kwao, wakaajiriwa walezi wawili wenye magoti imara. Bibi alipewa kiti kizuri na kazi ya kusimulia hadithi.

Siku ya ufunguzi mwalimu alisimama na Chiriku mlangoni, wakiwatazama akina mama wakiwaacha watoto na kuondoka kwa haraka, kila mmoja kuelekea shughuli yake.

"Ulikosea mara mbili," mwalimu alisema. "Uliandika usichokijua, na ulidhani kazi ni ile tu ya kuvaa viatu na kwenda ofisini. Lakini ulirudi ukauliza, ukasema ukweli hata ulipokuaibisha. Jasho la mtu lina heshima yake, Chiriku. Usilifute kwa kalamu."

"Sitalifuta, mwalimu," alijibu Chiriku. Kisha akawatazama akina mama mpaka wa mwisho alipokata kona.