Choo Kisichojaa

Sikilizeni, na mwenye kununa anune huku anasikiliza. Habari hii mnaijua nyote, ila hakuna anayeitamka.

Nyumba ilikuwa ya yule mwenye mashine ya kusaga, tuliyemwita Bwana Mashine. Asubuhi kwake palipendeza. Mkewe, Mama Pacha, anafagia uwanja. Watoto wao wawili, pacha, wamekaa kizingitini wakigombea kikombe kimoja. Kisima kiko nyuma ya jiko, maji yake baridi hadi yanauma meno. Wengi wenu mlichota pale.

Kisha Bwana Mashine akataka choo cha kuwafunga watu midomo. Akamwita mchimba visima, jamaa tuliyempa jina la Sururu, akamwonyesha mahali: hatua tisa kutoka kisimani, upande wa mlimani.

"Hapa ni juu ya kisima," Sururu akasema. "Tushuke kule chini."

"Kule mvua ikinyesha niende chooni kwa mtumbwi? Chimba!"

Akachimba. Futi ya ishirini na saba udongo ukalowa. Sururu akapanda ngazi, matope hadi magotini. "Nimegusa maji, bwana. Tufukie, tutafute pengine."

"Si ndiyo vizuri? Maji yatasukuma uchafu. Endelea, mwoga wa tope wewe!"

Sururu akakusanya vifaa vyake akaondoka. Wakaja wengine, wakamaliza kazi.

Miaka miwili ikapita, choo hakijai. Bwana Mashine akawa anajigamba pale mashineni: "Vyoo vyenu vinashiba, changu kinakula tu!" Tukacheka. Wageni walipelekwa kukitazama kama bibi harusi. Nami nilikwenda, nikamulika tochi, nikasema hongera. Sijisamehe.

Masika ya mwaka wa tatu watoto wakaanza kuharisha. Wanapona, wanaanza tena.

"Baba Pacha, maji yana harufu," mkewe akamwambia.

"Harufu ni ya masufuria yako."

Mtoto mmoja alikufa Alhamisi, mgongoni kwa mama yake, kabla hawajaifikia zahanati. Pale msibani nilisikia mkinong'ona: "Mvivu yule, haoshi vyombo." Nawakumbuka mmoja mmoja, na mlikaa wapi. Wiki ya tatu Bwana Mashine akamfukuza mkewe arudi kwao na mtoto aliyebaki. Kule mtoto akapona ndani ya siku saba. Je, baba mtu alijiuliza? Thubutu! Alisema, "Mnaona? Bibi yake ni msafi."

Akamleta dada yake kushika nyumba, mwanamke mwenye ulimi kama wembe, anayesugua sufuria kwa majivu hadi unajiona uso. Siku moja mende wakazidi chooni, Bwana Mashine akamimina nusu dumu la mafuta ya taa shimoni. Siku ya nne dada akaonja chai, akaitema.

"Kaka, nani katia mafuta ya taa humu?"

"Umechotea maji dumu la mafuta ya taa."

"Mimi? Mimi uliyeniita kwa ajili ya usafi? Hebu njoo unuse!"

Wakaenda kisimani, wakavuta ndoo. Juu ya maji palielea utando wenye rangi rangi. Wakavuta ya pili. Vilevile. Bwana Mashine akageuka kukitazama choo chake. Dada ndiye aliyelitamka.

"Kaka, siku zote hizi tunakunywa choo."

Bwana Mashine akaenda ukweni siku hiyohiyo. Akamkuta mkewe uani anamnawisha mtoto.

"Nimekuja kukuchukua. Kumbe kosa lilikuwa la maji."

"Maji hayakuchagua mahali pa choo," mkewe akasema. "Wala hayakunifukuza."

"Basi nipe mwanangu."

Mama Pacha alimfuta mtoto miguu, taratibu, kidole kwa kidole.

"Tulishagawana," akasema. "Wako yuko kaburini. Nenda ukamlee."

Akarudi peke yake. Nyumba ile leo ina popo.

FUNZO

Choo kiwe upande wa chini wa kisima, tena mbali, hatua arobaini na zaidi, na shimo lisifike kwenye maji. Sururu alilisema hilo bure, akaitwa mwoga. Lakini najua baada ya choo kile wanaume saba mlikimbilia kuchimba vya namna hiyohiyo, na hadi leo mnajisifu kwamba havijai. Ndugu zangu, choo kisipojaa, uliza kinakwenda wapi. Na mwanamke wa nyumba akikwambia maji yananuka, nusa kwanza, ndipo umjibu.