Ruhusa ya Serikali, Ruhusa ya Nanjala

Mvua iligeuza mpaka wa Malaba kuwa matope matupu siku Nanjala alipogombania dereva wa lori na mwanamume asiyemjua. Nanjala, sketi nyekundu na gambuti nyeupe, alitoa mizigo forodhani kwa niaba ya kampuni ndogo. Sydney Oluka, shati la samawati limepigwa pasi kana kwamba hakuna matope duniani, alifanya kazi hiyo hiyo katika kampuni kubwa jirani.

"Boss, huyo dereva ni wangu."

"Dada, amekuoa lini?"

Dereva akacheka. Nanjala akajaribu kununa, ikamshinda.

Tangu hapo walikula rolex pamoja kila adhuhuri, mayai yakichuruzika kutoka kwenye chapati, na jioni simu hazikuisha.

"Mpenzi, umelala?"

"Nimelala. Hii ni roho yangu inaongea."

Mapenzi yalikolea, usiulize.

Kisha Sydney akaacha kushika simu. Wakikutana kwenye foleni ya malori, alitazama pembeni. Nanjala alikonda kwa mawazo mpaka siku bosi wake alipowakusanya wafanyakazi na kuwaambia kwamba kampuni ya kina Sydney inawanunua.

Kumbe Sydney alijua! Moyo ulimuuma vibaya. Akamfuata Sydney mbele ya madereva wote.

"Ulikuwa unanipenda mimi ama unachunguza wateja wetu?"

"Nanjala, siwezi ongea."

"Huwezi ama hutaki?"

"Mwanzo ilikuwa siri. Sasa wakili ametukataza. Mpaka serikali iruhusu, sisi bado ni washindani. Tukishikwa tukiongea, watasema tunapanga bei, ununuzi wote uharibike. Nitafutwa kazi."

"Basi nyamaza vizuri."

Sheria ina maana yake, sikatai, lakini walioitunga hawakuwahi kusimama kwenye foleni ya Malaba karibu na mtu wanayempenda. Wawili hawa walibanwa hapo hapo, vumbi lile lile, kila mmoja akimsikia mwenzake akikohoa na asiweze kumpa pole.

Hatimaye, adhuhuri moja, simu ya Nanjala ikalia.

"Serikali imeruhusu, mpenzi. Naweza ongea."

"Mimi sijaruhusu."

"Wameweka sharti. Nyinyi mlionunuliwa msifutwe mwaka mzima. Lakini kazi yetu hapa inataka mtu mmoja tu, kwa hivyo mimi ndio natumwa Mombasa. Leo."

Nanjala akageuka. Sydney alikuwa kando ya lori, begi mgongoni. Hasira zilimwisha, ikabaki huzuni. Angependa kupanda lori lile lile, lakini mama yake kule Butula alimtegemea. Kazi iliyookolewa ndiyo iliyomfunga.

"Nikirudi, utakubali nikuoe?"

"Na mimi niko na sharti. Mwaka mzima, usiache kushika simu yangu."

"Hiyo tu?"

"Ni kubwa. Ilikushinda."

Sydney akapanda, lori likang'oka. Kabla halijafika kwenye kona, simu ya Sydney ikalia.

"Nanjala, si bado nakuona umesimama hapo?"

"Najua. Wewe shika tu."