Masufuria Nje ya Ukuta wa Placide

Bandugu wa mji wetu wa Baraka, kaeni niwasimulie ya Placide, jirani yetu, maana mpaka leo yananiuma.

Zamani parseli yake, yaani kiwanja chake, na zetu zilitengwa na ua wa matete tu. Asubuhi ukungu ulitoka ziwani, ukapenya matete, ukaingia kwa kila mtu bila hodi. Bamama walipitishiana moto na chumvi palepale. Kisima kilikuwa kwa Placide, na mtaa wote ulichota. Siku zile, nikizikumbuka, naona kama niliziota.

Kisha biashara yake ya mafuta ikashika. Akajenga ukuta mrefu, juu akapanga vipande vya chupa, akaweka mlango wa chuma. Kisima kikabaki ndani. Sisi tukaanza kushuka mtoni na mabidoni ya kuchotea maji, na vijana wasio na kazi wakawa wanashinda kwenye kivuli cha ukuta ule, wakiutazama.

Mnajua desturi yetu: mwizi akiingia kwako unapiga sufuria, na kila anayesikia anapiga ya kwake huku anakuja mbio. Siku wezi walipoingia kwa mjane Espérance, Félicité mke wa Placide alishika sufuria atoke. Mume wake akamwambia akae, kwamba vyombo vipigwe na watu wa matete, yeye ana ukuta. Félicité akakaa.

Mchana mmoja wa jua kali, mji mzima unasinzia, ziwa limetulia kabisa, vijana watatu walibisha hodi kwa Placide kama wanunuzi. Alipofungua walitaka pesa. Akabishana nao. Wakamchoma kisu tumboni, wakatoka, wakafunga mlango kwa nje, wakaenda na ufunguo.

Félicité akapiga sufuria. Na sisi tulikuja, jamani. Masufuria yalilia njia nzima kama mvua juu ya mabati. Espérance alifika wa kwanza, akamwita Félicité kwa jina la mtoto wake:

"Mama Merveille, fungula mulango."

Félicité akajibu kutoka ndani: "Funguo bezi beko nayo. Placide anakufa, mama. Muingie."

Tungeingilia wapi? Mlango haukutikisika. Tuliyempandisha mabegani alikatwa vidole na chupa, akaanguka. Tukaleta nyundo na majembe, tukapiga saruji ile nzuri. Ndani tulimsikia Placide akimwita Espérance kwa jina. Espérance aliweka mdomo ukutani, akamjibu polepole kama anabembeleza mtoto: "Tuko hapa, Baba Merveille. Tuko hapa."

Tundu lilipofikia kutosha mtu kupita, alikuwa amekwisha kufa.

FUNDISHO

Ukuta ule haukuzuia mwizi hata mmoja, ulituzuia sisi. Wenye mali, msiwafungie wenzenu maji. Kijana anayeshinda na njaa mlangoni kwako ni mtoto wetu sote, mpe kazi kabla hajashika kisu. Na sisi wa matete tusicheke, maana tumeosha maiti ya ndugu yetu. Anayejitenga na majirani atakufa wakimsikia.