Kikombe cha Baba Mdogo Vénuste

Wananchi wa Rusizi, simameni! Mimi Hirwa, msomi wa shule ya bweni, nimeshuka mlimani kuwafundisha juu ya pombe na ugonjwa wa akili.

Kaeni, basi. Kwa kweli ni likizo tu, na nimekimbia kupalilia maharagwe.

Baba yangu mdogo, Vénuste, alirudi kutoka vita vya Kongo akiwa na mikono na miguu yake yote. Lakini alijibu sauti ambazo sisi hatukuzisikia. Ili azinyamazishe, alikunywa kanyanga, pombe kali ya magendo. Papa, yaani baba yangu, alimfungia katika jiko la nje. Haikuwa chuki. Alihofia ndugu yake angezama ziwani.

Jirani yetu Nyiramahoro ni muuguzi. Siku moja alisikia mlango ukipigwa kutoka ndani.

"Papa Hirwa, unafungia muntu kama mbuzi?"

"Sasa nifanye nini? Wamemuroga."

"Ni mugonjwa. Anahitaji dawa kila siku, na chumba chenye ufunguo wake mwenyewe. Muntu mwenye hajui atalala wapi, dawa atakumbuka namna gani?"

Akatupeleka Nyakarenzo, kwenye nyumba ya vyumba vinne ya wagonjwa kama yeye. Kila mkaaji ana ufunguo wake. Wanapika pamoja na kulima pamoja. Maman Bernadette, mama wa Bukavu, anakaa nao. Anawakumbusha dawa na kuwasindikiza hospitali.

"Akikunywa tena, mutamufukuza?" Papa aliuliza.

"Hapana," alijibu Maman Bernadette. "Muntu akianguka, tunamuuliza nini ilimuangusha. Chumba kinabaki chake."

Baba mdogo alipewa ufunguo. Alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, akicheka peke yake. Safari hii tulijua anacheka nini.

Baada ya wiki kadhaa tulikwenda kumsalimu. Alikuwa amenenepa, na alikuwa akishona nyavu za wavuvi wa kisiwa cha Nkombo. Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu, kwa hiyo Papa alibeba dumu la urwagwa, pombe yetu ya ndizi. Ndiyo, wananchi. Tulimpelekea pombe mgonjwa wa pombe.

Papa alimimina kikombe. Akaonja kwanza, kama desturi, kuonyesha hakina sumu. Kisha akamnyooshea ndugu yake. Baba mdogo hakukipokea. Kukataa kikombe alichoonja kaka yako ni kumwita mchawi.

"Kaka," alisema polepole, "nikikunywa hiki, kesho sitajua mlango wangu uko wapi."

Papa akainamisha kichwa. "Basi nitakusalimu na nini?"

"Na chai, Papa," alisema Maman Bernadette. "Desturi inataka uonje, umupe. Pombe si lazima."

Papa akaonja chai, akampa. Baba mdogo akainywa yote. Wakatazamana kama watu waliokutana siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu vita.

Mimi nilitumwa kumwaga urwagwa nyuma ya nyumba. Nilirudi kwa mwendo wa askofu.

"Adui ameangamizwa!" nikatangaza.

Baba mdogo alinusa. "Hirwa, sogea. Puliza."

"Baba mdogo, mimi ni mwanafunzi wa..."

"Puliza, msomi. Pua yangu haijasahau."

Nikapuliza. Hakuna aliyecheka.

"Nilionja kidogo," nikakiri. "Kikombe kimoja. Kikubwa. Na kingine."

Papa aliinua mkono. Baba mdogo akauzuia. Akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi, akamimina chai. Akaionja kwanza.

"Kaa hapa," alisema. "Sasa tuambie. Nini ilikuangusha?"