Maneno Aliyoyafuta Kokugonza

Walijuana sokoni Bukoba, kila mmoja ameshika upande wa fungu moja la senene, wale panzi wa kuliwa. "Chukua wewe, dada, mimi nitakula kwa macho," Kagaruki alisema, na Kokugonza, katika gauni lake la kitenge cha njano, akacheka mpaka muuzaji akamshangaa. Tangu hapo simu zao hazikupoa. Kokugonza alikuwa na steshenari Muleba, Kagaruki fundi kompyuta Bukoba. Walitaniana juu ya kila kitu, ila neno lenyewe hakuna aliyelitamka.

Kisha barua pepe ya Kokugonza ikadukuliwa, wateja wakatumiwa ujumbe asioujua. Kagaruki akaja mbio, akaifukua kompyuta.

"Kuna programu imejificha humu. Kila kitufe unachobonyeza inakirekodi, hata maneno ya siri, halafu inamtumia aliyeitengeneza. Nadhani imeingia na flashi ya mteja. Badilisha maneno yote ya siri, ila kwa simu, si hapa." Akaendelea kusoma faili la yaliyorekodiwa, akatabasamu. "Kumbe unanipenda, unaogopa tu Ulutheri wangu?"

Kokugonza alisogea kuangalia skrini: maneno yalikuwa yake. Ujumbe huo aliuandika kwenye kompyuta hiyo, akaufuta kabla ya kuutuma.

"Ukifuta, yenyewe imesharekodi," Kagaruki alieleza.

"Basi ni wewe uliyeiweka. Nani mwingine anaifungua mashine yangu? Nenda, Kagaruki."

Simu zake hakuzipokea tena, mpaka Klaudia wa steshenari ya jirani alipolalamika kwamba kompyuta yake imekutwa na programu ileile, na Kagaruki hajawahi hata kuigusa. Kokugonza aliona aibu, akapiga.

"Nimekusingizia. Nisamehe."

"Na mimi nina kosa. Nilipoona jina langu nilipaswa kufunga. Nikasoma."

"Iliniuma. Nilitaka nikuambie mwenyewe, siku nikiwa tayari."

"Najua, mpenzi. Basi sikia ya kwangu: nakupenda, nataka kukuoa. Kama baba yako atanikataa, anikatae nikiwa mbele yake."

Baba yake Kokugonza, mkulima wa kahawa Kimwani, alishaapa kwamba binti yake hataolewa nje ya Kanisa Katoliki. Kokugonza alimuaga Kagaruki, akampigia mzee.

Waliongea Kihaya, yeye akimwita Tata, yaani baba. Mzee alifoka, akapoa, akafoka tena kidogo, kisha akauliza swali moja, lile ambalo mzee wa Kihaya huuliza akianza kufikiria posa. Kokugonza alilia kwa furaha, akamwandikia Kagaruki ujumbe na kuutuma palepale:

"Jumapili baada ya misa uje Kimwani. Tata anauliza ninyi ni wa ukoo gani."